Shajara ya mradi: mwale, plazma yenye msukosuko na mbabula ya mama

Tarehe 3 Mei 2025. Swali

Niko Katuba, Lubumbashi. Kazi yangu ni kufundisha fizikia sekondari. Shajara hii ni ya yeyote mwenye kompyuta nzee na mbabula (jiko la makaa) nyumbani ambaye angependa kuirudia kazi hii au kuisahihisha. Nitaongeza sehemu kila hatua ikiisha, pamoja na gharama zake. Nikikosea sitafuta, marekebisho yatawekwa chini ya kosa.

Huko Cadarache, kusini mwa Ufaransa, mataifa mengi yanajenga kwa pamoja tokamaki iitwayo ITER. Tokamaki ni chombo chenye umbo la tairi ambamo uga wa sumaku hushikilia plazma (gesi ya moto mkali ambamo elektroni zimetengana na viini) isiguse kuta, ili viini vya deuteri na triti, aina nzito za hidrojeni, viungane na kutoa nishati. Njia moja ya kuipasha plazma hiyo ni mawimbi mikro. Yanatoka kwenye mashine ziitwazo girotroni, za gigahezi 170, kila moja ikitoa megawati 1 hivi. Mpango wa awali ulikuwa na girotroni 24, za kuingiza megawati 20 katika plazma.

Mawimbi hayo yana uzuri wake. Elektroni ndani ya uga wa sumaku huzunguka, na kila tesla moja huzipa gigahezi 28. Kwa hiyo wimbi la gigahezi 170 humezwa pale tu uga unapofika tesla 6.07. Uga wa tokamaki hupungua kadiri unavyotoka katikati ya tairi kwenda nje. Kwa ITER, yenye tesla 5.3 kwenye mita 6.2 kutoka mhimili, pahali pa kumezwa panaangukia mita 5.4 hivi. Unajua nishati itashuka wapi, ndiyo maana mwale wa mawimbi hayo unaweza kutumika kama sindano.

Sindano ya nini? Ya visiwa vya sumaku. Kuna sehemu ndani ya plazma ambapo mstari wa sumaku hujifunga wenyewe baada ya mizunguko michache, kwa mfano mitatu kwa miwili, au miwili kwa mmoja. Hapo mistari inaweza kukatika na kuungana upya ikafanya kisiwa. Ndani ya kisiwa, mkondo wa umeme ambao plazma hujitengenezea unapungua, na upungufu huo unakilisha kisiwa kikue. Kikikua, joto linavuja, na plazma yote inaweza kuzimika ghafla. Dawa ni kupeleka mwale hapohapo ili kurudisha mkondo uliopotea. Kisiwa kina upana wa sentimita chache, kwa hiyo mwale nao uwe mwembamba.

Shida ni ya njiani. Kabla ya kufika ndani, mwale unapita ukingo wa plazma, na ukingo unachemka. Katikati msongamano unayumba kwa asilimia 1 au pungufu. Ukingoni unayumba kwa makumi ya asilimia, kwa mabonge ya sentimita moja, mbili, tatu. Nataka kujua sindano inapanuka kiasi gani.

Baba mkubwa aliposikia neno "nyuklia" aliweka kikombe chini: "Mwanangu, hii si mambo ya Shinkolobwe?" Nikamwambia urani ya mgodi wa Shinkolobwe ni ya kupasua viini vizito, na hii ni ya kuunganisha viini vyepesi. Aliitikia kwa kichwa, lakini toka siku hiyo hajaingia chumbani mwangu.

Tarehe 10 Mei. Karatasi kwanza

Sina plazma. Nina kalamu, kompyuta yenye gigabaiti 4 za kumbukumbu, na umeme wa saa za kubahatisha.

Urefu wa wimbi la gigahezi 170 ni milimita 1.76. Msongamano unaolizuia wimbi hilo lisipite kabisa ni elektroni 3.6 × 10²⁰ kwa mita ya ujazo. Ukingoni nimechukua 2 × 10¹⁹, uyumbaji asilimia 20. Fahirisi ya mpindo, yaani kipimo cha jinsi kitu kinavyopinda wimbi, inayumba kwa karibu 0.006. Ukivuka bonge moja la sentimita 2, fezi ya wimbi (pale lilipofika katika kupanda na kushuka kwake) inasogea radiani 0.4 hivi. Bonge moja halifanyi kitu. Mabonge matano mfululizo, yakisogeza huku na huku bila mpango, yanaanza kufika radiani 1, na hapo mambo yanaharibika.

Halafu nikawaza hewa iliyo juu ya makala (makaa) ya mbabula. Hapa Lubumbashi tuko juu, mita 1,200 hivi, na hewa ni nyepesi kidogo. Hewa iliyozidi nyingine kwa digrii 40 inatofautiana nayo kwa fahirisi ya 3 tu katika 100,000. Ni kidogo mno ukilinganisha na 0.006. Lakini mwanga mwekundu wa leza una urefu wa wimbi wa nanomita 650, kwa hiyo kipande cha sentimita 1 cha hewa hiyo kinasogeza fezi kwa radiani 2 na zaidi. Kwa kipimo cha fezi, mbabula na ukingo wa tokamaki ni ndugu! Nikaamua kufanya vyote viwili: programu, na mbabula.

Tarehe 24 Mei. Programu ya kwanza, na rula inayojikunja

Python, lugha ya kuandikia programu, ipo; NumPy, zana yake ya hesabu, ipo. Megabaiti za kupakua: dola 5.

Njia ni ya kawaida, sitaichambua sana. Mwale unasogezwa mbele hatua ndogo ndogo. Kila hatua unaupeleka kwenye Fourier (hesabu ya kuuvunja mwale kuwa mawimbi sahili), unauacha usambae kama kwenye ombwe, unaurudisha, unaupitisha kwenye "kioo" cha fezi cha hatua hiyo. Upande mmoja tu wa upana, si miwili. Mwale wangu unaingia na nusu-upana wa sentimita 4.1 na unaminywa ili ufike sentimita 3 baada ya mita 1.5. Nusu-upana ni umbali kutoka katikati hadi pale nguvu inaposhuka kufikia asilimia 13.5 ya kilele. Msukosuko uko kwenye sentimita 10 za kwanza tu. Uyumbaji ni asilimia 20, na mabonge ni ya sentimita 2.

Msukosuko nimeugandisha. Hilo halina tatizo: mwale unavuka mita 1.5 kwa nanosekunde 5, na mabonge yanahitaji mikrosekunde ili yabadilike. Kwa mwale, plazma ni picha iliyosimama. Unapiga picha nyingi, kila moja na mabonge yake, halafu unatafuta wastani.

Jibu la kwanza: mwale umepanuka mara 1.33. Nikafurahi. Halafu nikafanya lile ninalowalazimisha wanafunzi walifanye: nikapunguza hatua kutoka milimita 5 hadi 2.5. Jibu likawa 1.18.

Kipimo kinachobadilika ukibadilisha rula si kipimo. Nilikaa nacho siku nne, na mbili kati ya hizo hazikuwa na umeme kabisa.

Kosa: kila hatua nilikuwa naitengenezea kioo kipya cha bahati nasibu, kisichojua chochote kuhusu kioo cha nyuma yake. Bonge la sentimita 2 lilikuwa na upana wa sentimita 2, lakini unene wake ulikuwa milimita 5, kwa sababu hatua iliyofuata ilileta bonge lingine. Nilidhani napika maandazi, kumbe nakata karatasi. Ukikata karatasi nyembamba zaidi, sukuma-vuta za fezi zinazidi kufutana, na mwale unanyooka.

Marekebisho: tengeneza eneo lote la msukosuko kwa mara moja, la pande mbili, upana na urefu. Anza na kelele tupu, ipeleke kwenye Fourier ya pande mbili, ichuje kwa mkunjo wa Gauss (wenye umbo la kengele), irudishe, kisha ikate vipande kufuata hatua zako. Sasa nikitumia hatua ya 5, ya 2.5 au ya 1.25, jibu ni lilelile: mara 2.5. Kwa uyumbaji wa asilimia 10: mara 1.5.

Gharama ya hatua hii: dola 5 za megabaiti, na franka 6,000 za kuchaji kompyuta dukani kwa rafiki yangu fundi wa simu, mtaani Kamalondo.

Tarehe 14 Juni. Nishati iliyoibwa

Hapa ndipo nilipoaibika, kwa hiyo nitaeleza polepole.

Nilitaka picha 400 badala ya 40. Diski imejaa kazi za wanafunzi. Ili kuokoa nafasi, badala ya kuhifadhi kila picha, niliiambia programu ijumlishe uga wa umeme wa mwale wenyewe, picha baada ya picha, na mwishoni igawanye kwa 400. Faili moja ndogo. Ujanja.

Jibu lilikuja la ajabu: mwale haujapanuka hata kidogo. Ni mwembamba uleule kama ule wa plazma tulivu. Lakini umebaki na asilimia 22 ya nishati. Nyingine asilimia 78 haipo, imekwenda kama mafuta ya taa kwenye chupa isiyo na kifuniko.

Usiku ule niliamini. Nilimwandikia rafiki mmoja aliyesoma nami kwamba nimegundua msukosuko haupanui mwale, unaumeza! Alijibu kwa neno moja: "Wapi?" Yaani nishati imekwenda wapi, kama hakuna kitu kinachomeza?

Kuna njia rahisi ya kujua, na ningeifanya kwanza ningelala vizuri. Nilichukua picha moja tu, nikajumlisha nguvu yake yote mwishoni mwa safari. Asilimia 100. Nikachukua ya pili. Asilimia 100. Picha kumi, zote zimetimia. Hakuna picha hata moja iliyopoteza kitu, ila wastani wao umepoteza robo tatu na zaidi.

Mwizi ni wastani wenyewe. Uga una fezi: katika picha moja unapanda, katika nyingine pahali hapohapo unashuka. Ukijumlisha uga, kupanda na kushuka vinafutana. Kinachobaki ni ile sehemu ya mwale ambayo msukosuko haukuigusa, ambayo kwa kawaida yake ni nyembamba. Nadharia inasema sehemu hiyo hupungua kwa e kipeo hasi cha mraba wa fezi, na kwa fezi yangu ya radiani 1.22 inatoa 0.225. Programu haikukosea. Ilinipa jibu sahihi la swali nisilouliza.

Plazma haijumlishi uga wa leo na wa mikrosekunde iliyopita. Elektroni zinapokea nguvu, na nguvu ni mraba, haina hasi. Kisiwa cha sumaku hakibadiliki kwa mikrosekunde. Kinahitaji milisekunde nyingi, kwa hiyo kinaona maelfu ya picha zikiwa zimerundikana moja juu ya nyingine. Unachotakiwa kujumlisha ni nguvu. Nilibadili mstari mmoja wa programu: kwanza mraba, ndipo jumla. Nishati ikarudi yote, na upana ukawa mara 2.5.

Msukosuko unatawanya. Nimeandika hivyo kwa wino mwekundu ndani ya jalada la daftari.

Tarehe 28 Juni. Mambo madogo

Dirisha la hesabu lilikuwa la sentimita 25. Nilipojaribu mabonge ya nusu sentimita, mwale ulitoka kushoto ukaingia kulia, kwa sababu Fourier inadhani dunia ni duara. Nikaweka ukanda wa kumeza pembeni, nao ukaanza kula nishati halali. Mwishoni nikapanua dirisha hadi mita 1, nukta 2,048. Inachukua muda zaidi, basi.

Mabonge ya sentimita 4: mara 1.9. Ya sentimita 2: mara 2.5. Ya nusu sentimita: mara 4.8. Bonge dogo linapinda mwale kwa pembe kali zaidi. Kabla ya hapo nilikuwa nadhani mabonge makubwa ndiyo mabaya.

Tarehe 12 Julai. Mbabula, na kichwa kinachouma

Likizo imeanza. Usiku ni wa baridi, hewa ya makala inaonekana kwa macho ikitetemeka. Nimenunua leza nyekundu ya kuelekezea ubaoni, dola 3, na makala ya franka 2,000. Kamera ni ya kompyuta, ile ya kuchomeka, niliazima. Mbabula ni ya mama. ("Mbabula yangu unapeleka wapi, na maji ya bukari bado kuchemka?" Nilisubiri hadi saa tatu.)

Mpango: leza upande mmoja wa korido, karatasi nyeupe upande wa pili, mita 8 mbele, na mbabula katikati ya njia, chini ya mwale.

Upepo wa mlangoni ulisukuma moshi na joto pembeni, nikafunga mlango. Kisha dirisha. Kisha nikaweka kitambaa chini ya mlango, kwa sababu mimi ni mtu wa makini.

Baada ya nusu saa kichwa kilianza kunigonga, na mdogo wangu wa kike, aliyekuwa anashika karatasi, akasema anasikia kichefuchefu. Nilifungua kila kitu, tukakaa nje zaidi ya saa nzima. Makala yanayowaka katika chumba kilichofungwa yanatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu, na inaua watu wakiwa wamelala. Nimeifundisha hiyo darasani. Kama unarudia kazi hii, irudie nje, kwenye baraza. Usifunge chochote. Na leza isielekezwe machoni pa mtu, hata iwe ndogo namna gani.

Vipimo vya siku hiyo: hakuna.

Tarehe 19 Julai. Barazani

Baraza lina mita 9 na ukuta wa kuzuia upepo upande mmoja. Tumeanza saa nne usiku, malori yakipungua barabarani, kwa sababu kila lori lilikuwa linatingisha meza. Leza nimeibana kwenye tofali kwa mpira wa baiskeli.

Kamera ilikuwa inajirekebisha mwanga yenyewe, doa likionekana kubwa lote jeupe, lenye ukubwa uleule moto uwepo usiwepo. Suluhisho lilikuwa kuzima urekebishaji huo na kuweka vipande viwili vya miwani ya jua mbele ya lensi.

Bila moto, doa lilikuwa na upana wa milimita 8. Mbabula ikiwekwa mita 1 kutoka leza, mdogo wangu alicheka: "Yaya, ako kamwangaza kako kanalewa!" Ni kweli, kalikuwa kanayumba ukutani kama mtu anayerudi nyumbani usiku wa manane. Nikarundika picha 900 za sekunde 30: upana milimita 16. Mbabula katikati, mita 4 kutoka karatasi: 11. Mbabula mita 1 kutoka karatasi: 8 na kitu, sikuweza kuitofautisha na bila moto.

Moto ni uleule, makala ni yaleyale, na tofauti yote inatokana na mahali ulipo. Pembe ndogo inayopatikana mapema ina njia ndefu ya kukua. Hiyo ndiyo bahati mbaya ya ITER: msukosuko mkubwa uko ukingoni, karibu na mwale unapoingilia, na kisiwa kiko mbali ndani. Katika tokamaki ndogo ukingo huohuo ungefanya madhara kidogo, kwa kuwa baada ya ukingo umbali uliobaki ni mfupi.

Fundi wa simu alikuwepo, akaangalia doa likicheza, akasema: "Kama kanatembea, si unakafuata tu na kioo?"

Swali zuri. ITER itakuwa na vioo vinavyogeuka vya kuelekeza mwale. Sikuwa na jibu.

Tarehe 9 Agosti. Jibu la fundi

Nilitazama picha za Julai moja moja. Katika kila picha doa lilikuwa na milimita 9 tu, karibu na lile la bila moto. Upana wa 16 ulitokana na doa zima kutangatanga. Hapo fundi ana haki: ukilifuata kwa kioo cha haraka, unalirudisha.

Nikaiuliza programu jambo hilohilo. Kila picha peke yake: mara 2.4. Zikirundikwa zote: mara 2.5. Kutangatanga kwa mwale mzima ni sentimita 1 tu. Ukiufuata kikamilifu, umeokoa kutoka 2.5 hadi 2.4.

Kwa nini ndugu hawa wanatofautiana? Leza yangu inapopita juu ya makala ina milimita 2, na bonge la hewa moto ni sentimita moja. Mwale wote unaingia ndani ya bonge moja na kupindwa wote pamoja. Katika tokamaki mwale una sentimita 8 kutoka upande hadi upande, na mabonge ni ya sentimita 2. Kipande cha kushoto kinapindwa kushoto, cha katikati kulia, cha kulia hakiguswi. Mwale unachanika, na kioo hakikusanyi kilichochanika. Tena mabonge yanabadilika kwa mikrosekunde, na hakuna kioo cha chuma kitakachokimbia hivyo.

Kwa hiyo mbabula ilikuwa inanidanganya, na mimi nilikuwa nimeshaanza kuisifu.

Niliazima darubini ya macho mawili, ya kukuza mara 8, nikapitisha leza kinyume, kutoka upande wa jicho. Mwale ukatoka na milimita 16. Usiku mzima ulikwenda kwenye kuulenga. Ukigusa tofali kidogo, doa linaruka hadi uani kwa jirani. Lakini uliponyooka, lile doa halikuwa levi tena: lilikuwa na mabaka na mistari, likigawanyika vipande viwili vitatu na kuungana tena. Kutangatanga kwa katikati yake kulipungua kutoka milimita 3.3 hadi 2.4. Hakukuisha, kwa sababu milimita 16 bado ni sawa na bonge moja na nusu. Ningehitaji lensi kubwa kama sahani, na hiyo sina.

Nikageuza jaribio kwenye programu pia: mwale wa milimita chache ndani ya plazma ileile. Ukawa mlevi kama ule wa barazani. Hapo ndipo niliposadiki kwamba vitu viwili hivi vinazungumza lugha moja.

Tarehe 23 Agosti. Wenye mashine wanasemaje

Umeme ulikuwepo siku tatu mfululizo, nikasoma. Lausanne, Uswisi, wamepitisha mawimbi ya milimita kwenye plazma ya kifaa kidogo kiitwacho TORPEX na wakaona mabonge yakiyatawanya. Wana pia tokamaki ya TCV. Kwenye DIII-D, San Diego, ambayo girotroni zake ni za gigahezi 110, joto lilipimwa likishuka katika eneo pana kuliko hesabu ya miale iliyonyooka, kuanzia karibu mara moja na nusu hadi karibu mara tatu. Garching, Ujerumani, wana programu iitwayo WKBeam iliyotengenezwa kwa swali hili.

Namba zangu, 1.5 na 2.5, zinaangukia mlemle. Sijisifu. Asilimia 10 na 20 nilizichagua mwenyewe, upana wa mwale wangu ni wa upande mmoja tu, sikuweka kupinda kwa mwale kunakotokana na msongamano wa kawaida, na mabonge halisi yamenyoshwa kama nyuzi kufuata mistari ya sumaku. Programu yangu inaonyesha jinsi jambo linavyokwenda. Haimwambii mtu ajenge nini.

Hesabu moja ya mwisho kuhusu kisiwa. Mwale ukipanuka mara 2.5, nishati ni ileile lakini kilele cha mkondo kinashuka hadi asilimia 40. Ili kurudisha kilele, unahitaji nguvu mara 2.5. Girotroni hutumia karibu megawati 2 za umeme kutoa 1. Sisi tunaohesabu saa za delestaji (mgao wa umeme) tunaona mara moja maana ya kuongeza megawati kumi kwa sababu tu sindano imekuwa butu. Kuna ujanja wa kuwasha mwale pale tu moyo wa kisiwa unapopita mbele yake na kuuzima ukingo wake unapopita, maana plazma huzunguka. Huo unasaidia hasa mwale ukiwa mpana kuliko kisiwa. Nitaujaribu kwenye programu, muhula ukiniachia nafasi.

Tarehe 6 Septemba. Matumizi

Megabaiti, mara mbili: dola 10. Leza: dola 3. Betri zake: franka 3,000, maana zikichoka doa linafifia na unadhani ni fizikia. Makala, usiku tano: franka 10,000. Kuchaji kompyuta: franka 14,000. Petroli ya jenereta ya jirani, usiku mmoja wa picha 400: franka 9,000. Miwani ya jua ilikuwa yangu, sasa ni vipande.

Programu ina mistari 140, maelezo yake ni ya Kiswahili. Nimeiweka kwenye flashi dukani kwa fundi. Ukifika na flashi yako anakunakilia bure. Darubini imerudishwa. Mbabula pia, ila ina ufa upande mmoja, kwa sababu usiku wa mwisho niliimwagia maji ikiwa bado ya moto, na mama anasema franka 15,000 za mbabula mpya zinaingia kwenye orodha hii.